Fundi wa Embakasi na Tipa ya Muhutwe

Kila nisafiripo kutoka Muleba kwenda Bukoba mjini, gari likifika Muhutwe, pale barabara ya Kamachumu inapoachana na barabara kuu, shingo yangu hugeuka yenyewe. Karibu na njia panda hiyo palikuwa na shimo la kifusi. Sasa pameota mikaratusi, na abiria wenzangu hawaoni cho chote cha kutazama. Mimi huiona tipa, huliona doa jeusi la oili juu ya udongo mwekundu, na humwona kijana wa miaka kumi na saba aliyeushika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, kinywa wazi, sauti haitoki.

Kijana huyo ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa. Mwaka ulikuwa 1984, na kosa lilikuwa langu. Nataka kulieleza kosa hilo, lakini siwezi kulieleza bila kusimulia pia habari za ndege, kwa sababu nililielewa kwa kufundishwa habari za ndege. Msomaji anivumilie.

Tipa ile ilikuwa mali ya mwajiri ambaye sina haja ya kumtaja. Ilibeba kifusi cha kutengenezea barabara. Mimi nilikuwa dereva, na kwa kuwa gereji ilikuwa mbali nilikuwa fundi wake pia. Wanaoikumbuka miaka ile wanajua uhaba ulivyokuwa: sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, dizeli kwa kibali. Oili ya haidroliki, yaani ile inayosukumwa na pampu hadi kwenye silinda ya kunyanyulia bodi, haikupatikana hata kwa kibali. Tangi lake lilitakiwa lijae; la kwetu lilikuwa nusu, na siku nyingine chini ya nusu. Tena gia ya kuiunganisha pampu na injini ilikuwa imelika meno. Kuichomoa na kuirudisha ilikuwa kazi ya kelele na matusi, basi nikawa naiacha imeunganika kutwa nzima. Pampu ikazunguka tukiwa shimoni, ikazunguka tukiwa njiani na mzigo, ikazunguka tukirudi patupu.

Asubuhi bodi ilinyanyuka bila taabu. Ikifika saa nane mchana ilikuwa inapanda kama mzee anayeukwea mlima wa Kamachumu, na mwisho ikawa inaishia nusu, kifusi hakimwagiki. Siku hiyo mpwa wangu, ambaye ndiye aliyekuwa utingo wangu, aliniambia, "Mjomba, leo imechoka, tuiache ipoe." Mimi nilikuwa na idadi ya safari niliyopangiwa. Nikachukua spana, nikaikaza ile valvu ya usalama inayoachia presha ikizidi. Nilifikiri pampu imekosa nguvu, na mimi naiongezea. Bodi ikapanda. Safari iliyofuata ikapanda tena. Safari ya tatu mpira wa presha ukapasuka pale unapoungana na silinda, na oili ikamrukia mkononi. Ilikuwa ya moto kama uji uliotoka jikoni sasa hivi.

Alilazwa wiki tano. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunjiki sawasawa hadi leo. Dada yangu hakunigombeza, jambo ambalo lingekuwa nafuu kwangu. Aliniuliza swali moja tu, tukiwa tumekaa kwenye benchi nje ya wodi: "Mdogo wangu, hiyo oili ilipataje moto, na hakuna aliyeiteleka?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeendesha na kutengeneza magari kwa miaka mitano, na sikuwa na jibu.

Jibu nililipata Kamachumu, kwa mzee mmoja jirani wa nyumbani kwetu. Alikuwa fundi katika Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lile lililoanzishwa mwaka 1946 na kumilikiwa kwa pamoja na Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja na Zanzibar. Alifanya kazi Embakasi, Nairobi, hadi shirika lilipovunjika mwanzoni mwa 1977, mwaka ule ule ambao Jumuiya nzima ilivunjika. Alirudi kwenye kibanja chake na sanduku la spana, redio, na tabia ya kunawa mikono mara nyingi kuliko daktari. Nilimwendea jioni moja. Alinipa kahawa ya kutafuna kama desturi yetu ilivyo, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kijana, makosa uliyoyafanya wakubwa wa Ulaya waliyafanya kabla yako. Tofauti ni kwamba wao walipima."

Akaanza kunifundisha, na darasa hilo liliendelea kwa vipande vipande kwa miaka mingi, hadi alipofariki mwaka 1999. Ninayoyaandika hapa ni yale aliyoniambia, pamoja na niliyoyasoma baadaye.

Alianza na mtu wa Uingereza aitwaye James Joule. Katika miaka ya 1840 Joule alikoroga maji kwa mapanga yaliyozungushwa na uzito uliokuwa ukishuka, kisha akapima joto la maji. Yalikuwa yamepata joto, na kiasi cha joto kililingana na kazi iliyofanywa na ule uzito. Maana yake ni kwamba kazi isiyoinua wala kusogeza kitu haipotei bure, inageuka joto. Mzee alitaka nilielewe jambo hilo kwanza. "Mpwa wako hakuunguzwa na injini," alisema. "Aliunguzwa na kazi ambayo pampu yako iliifanya kutwa nzima bila kunyanyua kitu."

Ndege nyingi kubwa za jeti zimetumia presha ya ratili 3,000 kwa kila inchi mraba, yaani zaidi ya mara 200 ya msukumo wa hewa tuivutayo. Oili ikipenya kwenye tundu jembamba kutoka presha hiyo hadi presha ya tangini, pasipo kusukuma cho chote, hupanda joto kwa nyuzi 10 hivi za Selsiasi kwa kupita mara moja tu. Lita 10 kwa dakika zikivuja namna hiyo huzaa joto la wati 3,400 hivi. Hizo ni pasi tatu za umeme zilizowashwa ndani ya bawa na kusahauliwa. Kisha hapo ndipo ubaya unapoanza. Oili ikipata joto huwa nyepesi. Ikiwa nyepesi huvuja zaidi ndani ya pampu na ndani ya valvu. Ikivuja zaidi huzaa joto zaidi. Sili za mpira hukauka na kuwa ngumu, oili yenyewe huoza, na mashine iliyokuwa nzima asubuhi huwa mgonjwa mchana. Nilipoikaza valvu nilikuwa namwambia mgonjwa akimbie.

Zamani za Dakota, alisema, tatizo hili halikuzungumzwa sana. Dakota iliitegemea haidroliki kwa magurudumu, breki, flapu na vitu vingine vichache. Usukani wa hewani ulikuwa wa waya na misuli ya rubani. Pampu ilizunguka muda wote, lakini pasipokuwa na kazi kulikuwa na valvu ya kuirudisha oili tangini kwa presha ndogo, hivyo ilizunguka bila kuumia. (Tipa yangu nayo ilipaswa kufanya hivyo, lakini njia yake ya kurudia ilikuwa na takataka za miaka kumi.) Na Friendship, zile Fokker F27 ambazo Shirika lilizipata kuanzia 1962, ziliikwepa shida hii kwa njia nyingine kabisa: magurudumu yake yalipandishwa na breki zake kukazwa kwa hewa iliyoshindiliwa, si kwa oili. Waliokuwa wakisafiri kwa ndege hizo kutoka Mwanza watakumbuka sauti yake ya kupumua pale chini. Mzee aliipenda Friendship, ingawa alisema hewa nayo ina vituko vyake.

Jeti ndizo zilizoleta joto. Kwa mwendo wa jeti upepo hulikandamiza bamba la usukani kwa nguvu ambazo mkono wa binadamu hauwezi kuzishinda. Basi oili ikapewa kazi ya kila sekunde, tangu kuruka hadi kutua. Na namna ya kawaida ya kuifanya kazi hiyo ilikuwa ya kifahari mno: pampu ilishikilia presha ile ile ya juu muda wote, na kwenye kila silinda valvu ndogo ikakaba njia kulingana na mahitaji. Bamba likihitaji nguvu kidogo, nguvu iliyobaki iliunguzwa kwenye valvu. Dereva anayekanyaga mafuta hadi chini huku akitawala mwendo kwa breki ndiye anayefanya hivyo hivyo, na kila mtu anajua breki zake zitanukaje akifika bondeni.

Nikimwuliza mzee wahandisi walifanya nini, alikuwa akicheka: walifanya kila kitu isipokuwa kukubali haraka kwamba mfumo wenyewe unapoteza. Kwanza waliibadilisha oili. Ile ya petroli, nyekundu, ilikuwa ikishika moto ilipovujia breki zilizopata joto, na ndiyo maana mwishoni mwa miaka ya 1940 kampuni za Douglas na Monsanto za Marekani zilitengeneza oili nyingine isiyowaka kwa urahisi, iitwayo Skydrol, ambayo aina zake za baadaye ni za zambarau. Haiwaki upesi, lakini hula rangi, hula mpira usio wake, na huchoma ngozi. "Ile ya zambarau ikikuingia jichoni," mzee alisema, "utamwita mama yako kwa jina lake la utotoni." Jeshi la Marekani nalo liligawa mifumo ya ndege katika madaraja ya joto: daraja moja lisizidi nyuzi 71, jingine lisizidi nyuzi 135. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba mtu anaweza kuliwekea joto mpaka kabla halijamdhuru mtu.

Kisha wakaigeuza pampu. Badala ya pampu inayotoa kiasi kile kile itake isitake, walitumia yenye pistoni ndogo zinazozunguka huku zikiegemea sahani iliyoinama. Sahani ikiinama sana, pistoni husafiri mbali na kusukuma oili nyingi. Presha ikitimia, sahani hujinyoosha na pistoni huzunguka bila kusukuma karibu kitu. Ingekuwa kwenye tipa yangu, nisingehitaji kuchomoa gia. Hata hivyo pampu ya namna hiyo nayo huvuja kidogo ndani yake kwa makusudi, ili ijilainishe na kujipoza, na uvujaji huo mdogo ndio wenye joto kali kuliko yote. Oili hiyo hukusanywa kwa bomba lake yenyewe na kupelekwa kupozwa kabla ya kurudi tangini.

Kupozwa wapi? Hapo mzee alinyanyua kidole. Ndani ya tangi la mafuta ya ndege. Msomaji atashtuka kama nilivyoshtuka mimi: kupitisha bomba la moto katikati ya mafuta! Lakini mafuta ya jeti hayashiki moto kirahisi yakiwa tangini kama petroli ya magari, tena bawa liko angani penye baridi kali, na mafuta ni mengi mno kuliko oili. Boeing 737, ambazo Shirika la Ndege Tanzania lilizipata mbili mwishoni mwa miaka ya 1970, ni za jamii hii. Katika 737 za karibuni kuna kanuni kwamba ndege ikiwa chini, pampu za umeme za haidroliki zisiwashwe kama tangi linalohusika lina mafuta pungufu ya kilo 760, kwa sababu kifaa cha kupozea kitakuwa hakijafunikwa. Niliposoma kanuni hiyo nililiweka kando karatasi hilo kwa muda. Watu wengine wameandika kwa herufi na tarakimu: kikiwa pungufu, usiwashe. Na mimi niliendesha na nusu tangi msimu mzima.

Katika Concorde, iliyobeba abiria kuanzia 1976 hadi 2003, shauri hili lilifika mbali zaidi. Ndege ile ilikwenda mara mbili ya mwendo wa sauti, na hewa yenyewe iliisugua hadi ncha ya pua ikafikia nyuzi 127. Hapo huwezi kupoza kitu kwa upepo wa nje, maana upepo wa nje ndio moto. Joto la oili na la chumba cha abiria likatupwa kwenye mafuta, na mafuta yakaenda kuunguzwa kwenye injini pamoja na joto lake.

Jambo hili lilinikumbusha Kemondo. Barabara tuliyokuwa tukiiwekea kifusi inapita karibu na mahali ambapo Peter Schmidt, mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Marekani, alichimbua katika miaka ya 1970 mabaki ya tanuri za chuma za Wahaya wa kale. Yeye na mwenzake Donald Avery waliandika mwaka 1978 kwamba wafua chuma wa hapa, karibu miaka elfu mbili iliyopita, waliingiza mabomba ya udongo ya mivuo ndani kabisa ya tanuri, hivyo hewa iliyopulizwa ikapata joto kabla ya kukutana na makaa. Joto ambalo lingepotea lilirudishwa kazini. Wataalamu wengine wamelibishia sana suala hilo la hewa kupashwa joto, na mimi si mwamuzi wao. Lakini mzee wangu nilipomsomea habari hizo hakubisha. Aliniambia kwamba fundi ye yote anayelisikia joto likimpita usoni atajiuliza mapema linakwenda wapi.

Sasa nije kwenye ndege aliyoipenda kuliko zote, na ambayo ndiyo sababu ya kuandika haya. Ni Super VC10. Shirika la Afrika Mashariki lilinunua tano, ya kwanza ikifika mwaka 1966. Ilitengenezwa na Vickers wa Uingereza hasa kwa viwanja vya namna ya kwetu, vilivyo juu na vyenye jua kali, kama Nairobi. Injini zake nne zilikaa mkiani.

Watu waliizungumzia kwa injini hizo na kwa utulivu wake. Mzee aliizungumzia kwa kitu ambacho abiria hawakukiona. Mabamba makuu ya usukani katika VC10 hayakuendeshwa na mfumo mmoja mkubwa wa oili unaotambaa ndege nzima. Bamba la wima la mkiani liligawanywa vipande vitatu, ya mlalo vipande vinne, na kila kipande kilikuwa na mashine yake ndogo kamili: mota ya umeme, pampu yake, oili yake, silinda yake, vyote katika kasha moja. Kilichopelekwa mkiani ni umeme tu. Na pampu hizo ndogo zilitoa oili kwa kadiri rubani alivyotaka bamba lisogee. Asipotaka, mota ilizunguka na pampu ikakaa kimya. Hapakuwa na presha kubwa inayosubiri mlangoni ili ikabwe na kuunguzwa. Joto halikuondolewa, kwa sehemu kubwa halikuzalishwa.

"Lakini," nilimwuliza, "oili kidogo namna hiyo, ndani ya kasha, ikipata joto itakwenda kupozwa wapi?" Alifurahi nilipouliza hivyo, nadhani kuliko siku nyingine yo yote. Kwa maana hilo ndilo tatizo la mashine hizo. Mfumo mkubwa una mabomba marefu yanayopita penye baridi, na oili inazunguka, inapumzika tangini, inarudi. Kasha dogo halina kwa kuipeleka oili yake. Lililozaliwa humo linabaki humo, hadi litoke taratibu kupitia ngozi ya kasha. Kwa hiyo aliniambia kwamba ndege ikitua, kabla ya kusoma saa au kujaza fomu, alipanda ngazi na kuweka kiganja juu ya kasha moja baada ya jingine. Kasha ambalo kiganja kiliweza kutulia juu yake lilikuwa zima. Kasha lililomfanya aondoe mkono kabla ya kuhesabu hadi tatu liliandikwa jina. Wenzake walimcheka, maana vyombo vya kupimia vilikuwapo. Yeye alisema chombo humwambia mtu kile alichokiuliza, mkono humwambia hata asichokiuliza. Sikubaliani naye moja kwa moja. Mkono nao huongopa, hasa wa mtu aliyechoka. Lakini makasha yote alikuwa anayajua mmoja mmoja.

Alikuwa mkali mno katika kazi, na sababu aliitaja mara moja tu. Tarehe 18 Aprili 1972 moja ya zile Super VC10 tano ilishindwa kuruka Addis Ababa. Tairi la mbele lilipasuka, rubani akaamua kusimama, breki hazikufanya kazi yote, ndege ikavuka mwisho wa njia na kuwaka moto. Watu 43 walikufa kati ya 107. Uchunguzi ulisema sehemu ya breki ilikuwa imeunganishwa upya isivyo sawa. Mzee hakuwa ameigusa breki ile. Hata hivyo alisema kwamba usiku ule kila fundi wa Embakasi alilala akiifungua na kuifunga akilini mwake kazi yake ya wiki nzima.

Shirika lilipokufa mwaka 1977, Super VC10 nne zilizobaki zilirudi Uingereza, zikageuzwa matangi ya kujazia ndege nyingine mafuta angani, na zikatumika katika Jeshi la Anga la huko kwa miaka mingi. VC10 za mwisho za jeshi hilo zilistaafu Septemba 2013. Mojawapo ya hizo nne, iliyosajiliwa Tanzania kwa herufi 5H-MOG, ndiyo VC10 ya mwisho kutengenezwa, mwaka 1970. Mzee alikuwa na picha yake ukutani, karibu na kalenda ya Ushirika.

Na ile fikra ya kasha dogo? Ilionekana kama imekufa na VC10. Ndege kubwa zilizofuata zilirudi kwenye mifumo mikubwa ya oili. Kisha, tarehe 27 Aprili 2005, Airbus A380 iliruka mara ya kwanza ikiwa na mifumo miwili ya oili yenye presha ya ratili 5,000, na mahali pa mfumo wa tatu pakawekwa mashine ndogo za umeme zenye oili yake ndani. Majarida yaliziandika kama kitu kipya kabisa. Ni kweli kwamba ni bora mno kuliko za zamani: mota yenyewe husimama bamba likisimama, na vifaa vya elektroniki ndivyo vinavyoamuru. Lakini swali lililowasumbua wahandisi ni lile lile la kasha la Embakasi: joto litoke vipi mahali ambapo oili haizunguki? Hata sasa mashine hizo katika A380 zinasubiri zaidi kuliko kufanya kazi, na kusubiri kunazipa nafasi ya kupoa. Nilisikitika kwamba mzee hakuishi hadi siku hiyo. Nadhani angeniuliza kama wanazigusa kwa mkono.

Huku kwetu Bukoba, kiwanja kikiwa mjini kabisa kando ya ziwa, ndege zinazotua ni za mapanga. ATR hazijaiachia oili usukani mkuu. Waya bado zinafanya kazi, kama zama za Dakota, na oili imebakiziwa magurudumu, breki, flapu na vitu vichache. Pampu zake mbili ni za umeme. Ni mfumo mdogo, hauna joto la kujivunia. Nalisema hili kwa sababu tarehe 6 Novemba 2022, ATR ya Precision Air ilipoanguka ziwani ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa, ikiwa na watu 43, na 19 wakapoteza maisha, majirani walikuja kwangu kuniuliza kama oili ilichemka. Walijua napenda habari hizo. Niliwaambia la. Ni kishawishi kikubwa kwa mtu aliyejifunza jambo moja kuliona jambo hilo katika kila msiba, na siku ile, watu wakiwa bado wamesimama ufukweni, nilikiona kishawishi hicho kikija kwangu pia.

Turudi nyuma kidogo. Baada ya masomo ya kwanza ya mzee, mwaka ule ule wa 1984, nilikwenda kwa dada yangu kumpelekea jibu la swali lake. Nilimweleza habari za Joule, za tundu jembamba, za nusu tangi, za oili kuwa nyepesi. Alikuwa akimenya ndizi. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo ungeichomoa ile gia kila safari, oili isingekuwa ya moto?" Nikasema ingekuwa vuguvugu tu. "Na kuichomoa ni kazi ya muda gani?" Nikasema dakika moja, labda mbili. Akaendelea kumenya ndizi zake. Hatujapata kulizungumza tena.

Mpwa wangu ana tipa yake mwenyewe sasa, huchukua mchanga na mawe Muleba, na ana utingo wake. Mwaka jana nilipanda naye. Alasiri, kabla ya kunyanyua bodi, alishuka, akazunguka upande wa tangi la oili, akaweka kiganja juu yake na midomo yake ikacheza mara tatu. Sikumbuki kama nilipata kumfundisha hivyo. Alitumia mkono wa kulia, maana wa kushoto hausikii joto vizuri.